SBIR au STTR? Kuchagua ruzuku ya serikali ya Marekani kwa kampuni ndogo ya teknolojia ya afya ya akili

Ukianza kutafuta fedha za serikali ya Marekani kwa ajili ya programu ya simu ya kupima sonona, kifaa cha kufuatilia usingizi wa mgonjwa au mfumo wa ushauri nasaha kwa njia ya video, haichukui muda utakutana na vifupisho viwili: SBIR (Utafiti wa Ubunifu wa Kampuni Ndogo) na STTR (Uhamishaji wa Teknolojia wa Kampuni Ndogo). Yote ni mipango ya kampuni ndogo. Kwa upande wa afya ya akili, fedha za mipango yote miwili hupitia Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili (NIMH), iliyoanzishwa mwaka 1949 na iliyo chini ya Taasisi za Taifa za Afya (NIH). Wengi huuliza kwanza ni upi wenye hela nyingi. Kwa kila tuzo, yaani ruzuku moja inayotolewa, viwango ni sawa. Kinachopaswa kuamua ni mambo mawili: atakayeongoza utafiti ameajiriwa wapi, na kazi yenyewe itafanywa na nani.

Nawaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani. Kuna manesi, madaktari, waandishi wa programu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaoona kila wiki mama aliyefika kutoka Kongo kama mkimbizi akikabidhiwa fomu ya maswali asiyoielewa, kisha akaandikiwa kwamba "hana tatizo". Watu hawa wana mawazo mazuri, na nchi hiyo ina fedha zilizotengwa kisheria kwa mawazo ya aina hiyo. Inasikitisha mtu anapokwama kwa kuchagua mlango usiomfaa.

Mambo ambayo hayatofautiani

SBIR ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1982, STTR ikafuata mwaka 1992. Kote, mwombaji ni kampuni ya kibiashara iliyosajiliwa na kufanya kazi Marekani, yenye wafanyakazi wasiozidi 500 ukijumlisha na kampuni tanzu. Shirika lisilo la kiserikali haliruhusiwi kuomba, hata kama linafanya kazi njema kuliko kampuni zote mjini. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya umiliki lazima iwe mikononi mwa raia wa Marekani au wakaaji wa kudumu, yaani wenye kadi ya kijani. Mkimbizi ambaye bado hajapata kadi hiyo hahesabiki kwenye nusu hiyo, ila anaweza kuwa mwanahisa mdogo, na anaweza hata kuwa mtafiti mkuu maadamu ana kibali halali cha kufanya kazi.

Serikali haichukui hisa wala hairudishiwi fedha. Zaidi ya gharama za utafiti, kampuni inaruhusiwa kuomba ada ya faida ya hadi asilimia 7. Na kampuni ambayo haijawahi kukubaliana na serikali kiwango cha gharama za uendeshaji inaweza kuweka hadi asilimia 40 ya gharama za moja kwa moja, yaani za utafiti wenyewe, bila majadiliano. Kodi ya ofisi, mhasibu, bima na intaneti huingia hapo. Nimeona waombaji wakiacha mistari hiyo miwili ikiwa sifuri kwa kuogopa kuonekana walafi. Msifanye hivyo. Kampuni isiyoweza kulipa pango haiwezi kumaliza utafiti, na wahakiki, yaani wataalamu wanaoyapima maombi, wanalijua hilo.

Safari ina awamu. Ya kwanza ni ya kuonyesha kwamba jambo linawezekana; kiwango chake cha kawaida kimekuwa dola 300,000 na ushee. Ya pili ni ya kulikamilisha na kulipima kikweli, kwa takriban dola milioni 2 ndani ya miaka miwili hivi. Ya tatu ni ya sokoni, na hiyo mipango hii haiigharamii.

Utafiti lazima ufanyike ndani ya Marekani, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ambayo ni adimu. Kwa hiyo kampuni iliyoko Nairobi au Dar es Salaam isipoteze usiku wake hapa. Kwa Kenya, pa kuanzia ni Wakala wa Ubunifu wa Taifa (KeNIA) na Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Kwa Tanzania ni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Grand Challenges Canada, inayofadhiliwa na serikali ya Kanada, nayo imewahi kugharamia miradi ya afya ya akili Afrika Mashariki.

Mtafiti mkuu yuko wapi?

Hapa ndipo penye tofauti yenyewe.

Kwenye SBIR, ajira kuu ya mtafiti mkuu lazima iwe kwenye kampuni: zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi, kuanzia siku tuzo inapotolewa. Neno "siku tuzo inapotolewa" lina uzito, maana hulazimiki kuacha kazi hospitalini ili uandike ombi. Unaweza kuomba ukiwa bado mwajiriwa wa mtu, na barua ikionyesha kwamba utahamia kwenye kampuni fedha zikipatikana. Shahada ya uzamivu si sharti la kisheria, ingawa asiye na rekodi ya utafiti atahitaji wenzake wenye rekodi hiyo wakae karibu naye kwenye timu.

Kwenye STTR, kwa utaratibu wa NIH, mtafiti mkuu anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni au wa taasisi ya utafiti inayoshirikiana nayo: chuo kikuu, hospitali ya kufundishia au kituo cha utafiti kisicho cha kibiashara. Atatoa angalau asilimia 10 ya muda wake kwa mradi, na awe na makubaliano rasmi na kampuni. Mhadhiri wa saikolojia ambaye hataki, au hawezi, kupunguza ajira yake chuoni ana mlango huu mmoja tu kama anataka kuongoza mwenyewe. Naye, hasa akiwa na hisa kwenye kampuni hiyo, asiache kupita kwanza kwa ofisi ya chuo inayosimamia mgongano wa maslahi. Ofisi hizo huenda polepole, na zinaweza kusimamisha tuzo iliyokwisha kukubaliwa.

Hesabu ya dola 300,000

Masharti ya mgawanyo wa kazi ukiyasoma kwa asilimia yanapita tu. Yaweke kwenye fedha uone.

Kwa SBIR awamu ya kwanza, theluthi mbili ya kazi hubaki kwenye kampuni. Katika dola 300,000, kampuni inabaki na angalau 200,000, na washirika wote wa nje kwa pamoja, pamoja na washauri, hawazidi 100,000. Awamu ya pili sharti hulegea kidogo na kuwa nusu kwa nusu.

Kwa STTR, awamu zote mbili, kampuni hufanya angalau asilimia 40 na taasisi moja ya utafiti hufanya angalau asilimia 30. Hiyo ni 120,000 kwa kampuni na 90,000 kwa chuo. Zile 90,000 zinazobaki mnajadiliana, na mnaweza kuwapa wa tatu.

Sasa angalia zile 90,000 za chuo. Chuo nacho kina kiwango chake cha gharama za uendeshaji, na katika vyuo vikubwa vya utafiti si ajabu kiwango hicho kuzidi nusu ya gharama za moja kwa moja. Chukua asilimia 55: katika 90,000, zinazofika kwenye kazi halisi ni kama 58,000. Kwa fedha hizo unapata sehemu ya mshahara wa msaidizi wa utafiti, muda kidogo wa profesa, na posho za washiriki. Ikiwa unachohitaji kutoka chuoni ni mtakwimu wa siku chache na jina kubwa kwenye ukurasa wa timu, STTR ni njia ghali ya kuvipata. Mlipe kama mshauri chini ya SBIR. Lakini kama chuo ndicho chenye kliniki, wagonjwa, data za miaka na wataalamu wa kupima, hizo 90,000 zinaweza kuwa kidogo mno, na STTR inakuruhusu kuzipandisha hadi 180,000 bila kuvunja sharti.

Kuna na jambo la ukubwa wa mfuko. Kila wizara au wakala wenye bajeti kubwa ya utafiti wa nje hutakiwa kutenga asilimia 3.2 kwa SBIR. Kwa STTR ni asilimia 0.45. Fungu la SBIR ni kama mara saba ya lile la STTR. Hilo halimaanishi kwamba ombi la STTR lina nafasi finyu mara saba, kwa kuwa waombaji wake nao ni wachache, ila linaonyesha kwamba tuzo zenyewe ni chache.

| | SBIR | STTR |
|---|---|---|
| Mshirika wa utafiti | Si lazima | Lazima, taasisi moja isiyo ya kibiashara |
| Ajira kuu ya mtafiti mkuu | Kampuni | Kampuni au taasisi |
| Kazi ya kampuni, awamu ya 1 | Angalau theluthi mbili | Angalau 40% |
| Kazi ya taasisi | Si lazima iwepo | Angalau 30% |
| Mkataba wa haki za ubunifu | Unashauriwa kama kuna mshirika | Sharti |
| Kuruka awamu ya 1 | Imekuwa ikiruhusiwa NIH | Hapana |

Nani atamiliki kilichobuniwa

Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inaipa kampuni ndogo haki ya kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali; serikali hubaki na leseni ya kuutumia kwa shughuli zake bila malipo. Hilo ni sawa pande zote. Tofauti ni kwamba STTR inawadai kampuni na chuo waandikiane mapema nani atamiliki nini. Wengi huliona hilo kuwa kero. Mimi naliona ndilo jambo zuri kuliko yote katika STTR, kwa sababu mazungumzo hayo yana siku yake, yasipofanyika leo yatafanyika wakati mwekezaji yuko mezani na kila mtu amekasirika. Aliyechagua SBIR akampa chuo theluthi ya kazi, naye aandike mkataba huo huo. Wanachobuni waajiriwa wa chuo kwa kawaida ni mali ya chuo, hata kama wazo la mwanzo lilikuwa lako.

Polepole, au kwa mkupuo?

Ukishachagua mpango, bado kuna kuchagua mwendo. Wa kawaida ni kuomba awamu ya kwanza, umalize, ndipo uombe ya pili. Unaweza pia kuomba zote mbili kwa ombi moja, utaratibu ambao NIH huuita Fast-Track na unapatikana kwenye mipango yote. Njia ya tatu, kuanza moja kwa moja na awamu ya pili, imekuwa ya SBIR peke yake, kwa kampuni ambayo tayari imeonyesha kwa fedha nyingine kwamba jambo linawezekana.

Kwa kampuni mpya napendekeza mwendo wa kawaida. Ombi la mkupuo linataka malengo ya awamu ya kwanza yanayopimika kwa namba, mpango wa utafiti mrefu zaidi na mpango kamili wa biashara. Udhaifu wa sehemu moja huvuta alama ya ombi zima chini. Awamu ya kwanza peke yake ni ukurasa mmoja wa malengo na kurasa 6 za mpango wa utafiti. Na NIH inaruhusu kuhama: aliyeanza na STTR anaweza kuomba awamu ya pili kwa SBIR, au kinyume chake. Kwa hiyo uamuzi wa leo haukufungi maisha.

NIMH au NSF?

Mfuko wa Taifa wa Sayansi (NSF) nao una SBIR na STTR, na awamu yake ya kwanza imekuwa hadi dola 305,000. Unaanza na maelezo mafupi ya wazo; wakiona linawafaa ndipo wanakualika uandike ombi zima. Ni utaratibu wa heshima kwa muda wa mwombaji. Lakini NSF inatafuta teknolojia mpya yenye hatari ya kiufundi, na haigharamii majaribio ya tiba kwa wagonjwa. Kama ugumu wako uko kwenye teknolojia, tuseme kutambua sauti ya Kiswahili cha Lubumbashi na cha Mombasa kwa pamoja, nenda NSF. Kama ugumu uko kwenye kujua iwapo tiba inamsaidia mgonjwa, nenda NIMH. Na ikiwa kiini cha tatizo ni uraibu wa dawa za kulevya, NIH ina taasisi nyingine kwa hilo, NIDA, yenye fungu lake.

Watakachokuuliza NIMH

Tuseme unaomba programu ya kupima sonona kwa akina mama waliojifungua, kwa Kiswahili. Umeijenga juu ya PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa ambalo lina toleo la Kiswahili. Swali la tisa linamuuliza mtu kama amekuwa na mawazo kwamba afadhali afe, au ya kujidhuru. Mhakiki atayaruka yote uliyoandika kuhusu muundo mzuri wa skrini na kuuliza: mama akijibu "ndiyo, karibu kila siku" saa nane za usiku, nini kinatokea? Nani anapata taarifa, ndani ya muda gani, kwa lugha gani? Kumwonyesha namba 988, simu ya taifa ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua iliyoanza Julai 2022, ni mwanzo tu. Ombi lisilo na jibu kamili la swali hilo halipiti, na halistahili kupita.

Swali la pili ni kama unachofanya ni jaribio la tiba. NIH inalielewa jambo hilo kwa upana: ukiwagawa watu kwenye makundi ili uone programu yako inabadilishaje hali yao, ni jaribio la tiba, hata kama hakuna kidonge. Matangazo ya ruzuku yametenganishwa kwa kigezo hicho, na ombi lililotumwa kwenye tangazo lisilolifaa hurudishwa bila kusomwa. Isitoshe, tangu 2014 NIMH imesisitiza kwamba jaribio lionyeshe kile ambacho tiba inakigusa, pamoja na kuonyesha kama watu wamepata nafuu. Ukisema programu inapunguza sonona kwa kurekebisha usingizi, upime usingizi pia.

Swali la tatu, la awamu ya pili hasa, ni nani atalipa. Kampuni ya Pear Therapeutics ilipata idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2017 kwa reSET, tiba ya uraibu inayotolewa kwa programu, ikasifiwa kila mahali, na Aprili 2023 ikaomba kufilisika kwa sababu kampuni za bima hazikulipia vya kutosha. Tangu 1 Januari 2025, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ina namba za malipo kwa vifaa vya kidijitali vya afya ya akili vilivyokubaliwa na FDA. Mpango wa biashara usiotaja mambo hayo unaonyesha mwandishi hajatembea sokoni.

Nani achague nini

Nesi au mhandisi mwenye kampuni yake, aliye tayari kuacha ajira fedha zikija, na anayehitaji chuo kwa ushauri tu: SBIR, awamu ya kwanza.

Mhadhiri au daktari wa akili aliyebuni tiba akiwa chuoni na anataka kubaki huko: STTR. Asijaribu kujipenyeza kwenye SBIR kwa kumweka mtu wa jina tu kama mtafiti mkuu. Ajira huhakikiwa, na taarifa ya uongo kwa serikali ni kosa la jinai.

Wawili walioungana, mmoja wa kampuni na mmoja wa chuo, ndio wenye kazi ya kufikiri. Kwao ningeangalia washiriki wa utafiti watatoka wapi. Wakitoka kliniki ya chuo, STTR. Wakitoka makanisani, misikitini na kwenye vyama vya jamii ambako mwenye kampuni anafahamika, SBIR, na chuo kilipwe theluthi yake.

Kabla ya kuandika

Sheria iliyoongeza muda wa mipango hii mwaka 2022 iliishia 30 Septemba 2025, na Bunge la Marekani liliiacha tarehe hiyo ipite bila kuiongeza. Kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani: fungua ukurasa wa matangazo wa NIH, uone kama tangazo unalolilenga liko wazi, na viwango na tarehe zake ni vipi. Kwa miaka mingi tarehe zimekuwa 5 Januari, 5 Aprili na 5 Septemba, na kutoka kutuma ombi hadi kupata fedha ni miezi saba au zaidi. Alama hutolewa kuanzia 10, iliyo bora, hadi 90. Ukikosa, unaruhusiwa kurekebisha na kurudisha ombi mara moja, na maoni ya wahakiki utakuwa umeyapata kwa maandishi.

Andika ukurasa mmoja wa malengo, umtumie ofisa wa NIMH anayesimamia ruzuku za kampuni ndogo, na umwombe mzungumze. Ni kazi yake, hakuna malipo, na atakwambia kama wazo ni la taasisi yao au la jirani. Wakati unasubiri jibu, anza usajili: SAM.gov (sajili ya wanaopokea fedha za serikali), Grants.gov (tovuti ya ruzuku za serikali), eRA Commons (mfumo wa maombi wa NIH) na sajili ya kampuni kwenye SBIR.gov. Yote yanaweza kuchukua wiki sita au nane, hasa jina la kampuni likitofautiana hata kwa herufi moja kati ya nyaraka za kodi na za benki. Usajili wote ni bure; anayekupigia simu akidai mamia ya dola ili akusajili SAM hatoki serikalini.